MAKUMBUSHO YA MTAA: KAZI ZAKE NA UTUNZAJI WAKE

Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya watumishi wa umma na wakaazi wa Unguja na Pemba.



Kila mtoto wa visiwa hivi hufundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Lakini ni watoto wangapi waliokwisha kukiona kibaba chenyewe, au wanaojua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja? Methali ingali hai midomoni, na chombo kilichoizaa kimetupwa uvunguni au kimeuzwa kwa mpita njia. Mazungumzo haya yanahusu namna wakaazi wa mtaa au kijiji wanavyoweza, kwa kujitolea, kukihifadhi chombo hicho pamoja na habari zake, na namna ya kuitunza nyumba watakayokiweka.

Zanzibar si wageni wa makumbusho. Jumba la Beit el Amani lilifunguliwa mwaka 1925, na mwaka 1994 Kasri ya Forodhani ilifunguliwa kuwa makumbusho ya watawala waliopita. Pemba nayo ina makumbusho yake ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake. Nyumba hizo ni za Serikali na zinaeleza habari za nchi nzima. Hata hivyo, haziwezi kuchukua dema la kila mvuvi, ubao wa kila chuo cha Kurani, jamvi la kila shamba la karafuu na picha ya kila timu ya mpira ya kijijini. Vitu hivyo vimo majumbani, na mlinzi wao wa mwisho ni mzee mmoja anayejua kilichotumika, nani alikitumia na kwa nini. Siku mzee huyo anapoitwa na Mola wake, kitu hubaki na habari zake huzikwa.

Jambo hili limejaribiwa na majirani. Nchini Kenya, mwaka 1994, Dk. Sultan Somjee, aliyekuwa akishughulikia mambo ya utamaduni katika Makumbusho ya Taifa ya nchi hiyo, alianza kazi ya kuwasaidia wanavijiji kuanzisha makumbusho ya amani. Hayakuanza kwa majumba makubwa. Yalianza kwa wazee kuulizwa ni vitu gani mababu walivitumia kusuluhisha ugomvi. Miongoni mwa vilivyotajwa ni leketio, mshipi unaovaliwa na wanawake wa Kipokot wakiwa waja wazito, ambao mwanamke akiutupa kati ya wanaopigana huwalazimu kuacha. Mtu asiyeelezwa ataona mshipi wa ngozi na kauri tu.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Lari, katika eneo la Kiambu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wakati wa vita vya Mau Mau, familia za watu waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni zilishambuliwa na kuuawa huko, na mara baada ya hapo watu wengine wengi wakauawa kwa kulipiza kisasi. Kwa miaka mingi waliosalia wa pande mbili waliishi jirani bila ya kulizungumza jambo hilo. Mwaka 2001 palianzishwa Makumbusho ya Amani ya Lari, na katika waliojitolea kuyaendesha walikuwemo waliowahi kuwa wapiganaji wa Mau Mau na waliowahi kuwa askari wa ulinzi upande wa serikali, pamoja na watoto wao. Watu waliokuwa maadui walikubaliana kutunza vitu chini ya paa moja, kila mmoja akieleza aliyoyaona. Hapana budi mfano huo uzingatiwe na kila jamii yenye historia iliyojaa majonzi na tafauti za maelezo.

Kazi ya kwanza ya makumbusho ya mtaa ni kupokea vitu kwa utaratibu, na chombo kikuu cha utaratibu huo ni daftari. Kila kitu kinachoingia kipewe nambari, nayo iandikwe daftarini pamoja na jina la kitu kwa lafudhi ya mahali hapo, jina la aliyekileta, tarehe, hali yake, na maelezo ya matumizi yake kama yalivyotolewa na mwenyewe. Iandikwe waziwazi kama kitu kimetolewa moja kwa moja au kimeazimwa. Ugomvi mwingi wa nyumba kama hizi huanza pale mtoa kitu anapofariki, warithi wakaja kudai mali ya marehemu, na isipatikane karatasi. Daftari liwe la nakala mbili, na nakala ya pili iwekwe katika jengo jingine.

Kazi ya pili ni kurikodi maneno ya wazee. Simu za mkononi za siku hizi zinatosha kwa kazi hiyo. Mzee aulizwe kwa adabu na apewe nafasi ya kusema kwa mwendo wake, na mwisho aulizwe kama anaridhia maneno yake yasikilizwe na watu wote. Sauti hiyo ihifadhiwe zaidi ya mahali pamoja, kwani simu huanguka majini.

Kazi ya tatu ni kuwafundisha vijana. Wanafunzi wakija, wasisimamishwe mbele ya kabati na kuambiwa wasiguse. Viwepo vitu vichache vya kushikwa: kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, pishi na kibaba. Mtoto akipima mchele kwa mkono wake hatasahau.

Ama kuhusu utunzaji, maadui wa makumbusho katika visiwa hivi ni maji, wadudu, jua na haraka ya mwanaadamu.

Maji huanzia juu. Kabla ya mvua za Masika, na tena kabla ya Vuli, paa likaguliwe, milizamu isafishwe majani, na kila tundu lizibwe. Kabati lisiegemezwe ukutani, wala kitu kisiwekwe chini sakafuni. Madirisha yafunguliwe siku kavu na kufungwa siku za mvua. Jengo likiwa la kale, la mawe ya matumbawe na chokaa, litengenezwe kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu na kuutoa. Ukipigwa saruji, unyevu hufungika ndani, chumvi hula mawe, na vichwa vya boriti huoza bila ya mtu kuona.

Wadudu huzuiliwa kwa ufagio na kwa macho. Chakula kisiliwe ndani ya chumba cha vitu. Kila wiki mtu mmoja apite na tochi, atazame pembe za kuta kama kuna njia za udongo za mchwa, na atazame chini ya vitu vya mbao kama kuna unga mpya. Kitu kipya kisichanganywe na vingine kabla ya kukaguliwa. Nguo au ukili wenye wadudu unaweza kufungwa barabara ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa katika friza yenye ubaridi wa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa muda wa wiki 2. Ukitolewa, mfuko usifunguliwe mpaka ubaridi wote umekwisha, vyenginevyo nguo itarowa. Dawa za kupuliza zisitiwe juu ya vitu.

Jua hufuta rangi, na rangi iliyofutika hairudi. Kanga na picha ziwekwe mbali na dirisha, na zipokezane zamu za kuonyeshwa. Nguo ivingirishwe badala ya kukunjwa, kwa kuwa mkunjo ndipo nguo inapokatikia. Picha ishikwe kwa kingo zake.

Haraka ya mwanaadamu ni adui anayekuja kwa nia njema. Karatasi iliyochanika isibandikwe utepe wa gundi, maana gundi hugeuka manjano na kuila karatasi. Hati ya zamani isitiwe ndani ya plastiki kwa moto. Nambari ya karatasi iandikwe kwa penseli. Chuma chenye kutu kisioshwe kwa maji, na mlango wa kale usisuguliwe kwa msasa ili ung'are. Asiyejua la kufanya na aache kitu kilivyo, apeleke swali kwa wataalamu wa idara inayosimamia makumbusho na mambo ya kale. Vilevile ifahamike kwamba kufukua magofu na makaburi ya kale si kazi ya kikundi cha kujitolea. Kigae kikiokotwa, mahali pake paandikwe na wahusika wapewe habari.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Na wakumbuke Beit al-Ajaib. Jumba hilo lilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, likawa fahari ya Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa miaka mingi uchakavu wake ulikuwa ukijulikana, na mwaka 2012 kipande chake kilikwisha kuanguka. Tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya jengo iliporomoka na watu 2 wakapoteza maisha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Beit al-Ajaib ufa ulidai roho za watu. Katika nyumba ndogo ya mtaa tundu moja la paa hutosha kumaliza kazi ya miaka kumi.

Limebaki la watu wenyewe. Vikundi vya kujitolea huanza kwa shangwe, na baada ya miezi michache ufunguo hubaki kwa mtu mmoja. Akihama au akiugua, mlango haufunguliwi tena. Dawa yake ni zamu iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, ufunguo wa pili kwa sheha au kwa mwalimu mkuu, na fedha zilizosomwa hadharani hata kama ni za kununulia ufagio. Ni bora nyumba ifunguliwe saa mbili kila Jumamosi bila ya kukosa, kuliko kutangazwa kuwa wazi kila siku na mgeni akakuta kufuli.

Watumishi wa umma wana sehemu yao. Ofisi inapohama au kusafishwa, mafaili na picha za zamani zisichomwe moto. Kwanza Nyaraka za Taifa ziulizwe. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuuliza habari za kitu kimoja cha bibi yao. Fundi seremala anaweza kutoa siku moja kwa mwaka kukagua boriti. Mkaazi asiye na kitu cha kutoa anaweza kutoa saa moja ya kufagia.

Mwezi Agosti 2022, mkutano wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho uliofanyika Prague ulipitisha maelezo mapya ya makumbusho, yanayotaja ushiriki wa jamii katika uendeshaji wake. Dunia imekubali kwa maandishi jambo ambalo wazee wa visiwa hivi walilitenda bila ya kuandika, kwa kuweka amana ya jirani na kuirudisha salama.

Jioni ya leo, kila anayerudi nyumbani na afungue sanduku la mzee wake akiwa naye. Atoe kitu kimoja, aulize jina lake, na aliandike.