Deni la zamani na SACCOS ya mtaani

Mwaka juzi nilikwenda benki kuomba mkopo wa kumalizia nyumba. Afisa mikopo akatazama kompyuta, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimemdhamini shemeji mkopo wa pikipiki, akashindwa kulipa, nami nikakaa kimya. Kumbukumbu hazikukaa kimya.

Jirani yangu, fundi cherehani, akanielekeza kwenye SACCOS ya mtaani. Kabla ya kutoa hata shilingi niliomba kuona leseni, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaitaka, nayo hutolewa kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Katibu hakukasirika. Angekasirika, ningeondoka.

Nikalieleza lile deni mapema. Uanachama wakanipa: kiingilio, hisa, akiba ya kila mwezi. Mkopo, wakasema, baadaye.

Kilichonitoa jasho ni wadhamini. Wanachama wawili wakubali akiba zao zishikwe kwa ajili yangu, mimi niliyeungua kwa kudhamini! Fundi alitia sahihi. Wa pili akauliza, "Lile la pikipiki unalilipa?" Nikamwonyesha stakabadhi tatu. Akasema nirudi zikifika sita.