Mlango wa Banda la Motokaa

Mlango wa mbao wa banda la motokaa ukianza kukwaruza chini, wengi husema, "Huu umekwisha, tununue mwingine." Ngojeni kwanza. Ushikeni upande wa komeo, mkauinue kidogo. Ukicheza penye bawaba, huenda ni skrubu tu zilizolegea. Tieni nyingine ndefu zaidi. Usipocheza, tazameni ubao wa mshazari ulio nyuma. Yapasa uanze chini, upande wa bawaba, upande mpaka juu, upande wa komeo, upate kuchukua uzito. Fundi akiupigilia kinyume (nami nimeona hayo mara nyingi) mlango hushuka tu. Kuugeuza si kazi kubwa.

Kisha chomeni kisu katika mwimo, karibu na ardhi. Kikiingia kama katika muhogo uliopikwa, mchwa wamekwisha kula. Hapo msipoteze fedha kwa rangi. Ng'oeni mwimo huo upesi, kabla mlango mzito haujamwangukia mtoto anayecheza kivulini mwake. Lakini mbao zenyewe, zikiwa za mvule na bado nzima, zirudisheni juu ya mwimo mpya. Mlango mpya ni kwa yule ambaye kisu chake kimezama huko nako.