Anayetuuguza Naye Akingwe

(Hotuba ya walimu wa shule za kambi, iliyosomwa mbele ya wakazi na wageni katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Kamati imetuomba sisi walimu tuseme machache juu ya vifaa vya kuwakinga wahudumu wa afya wakati wa magonjwa ya mlipuko. Huenda wengine wakauliza: walimu na glovu wapi na wapi? Lakini mtoto akiugua darasani, sisi ndio tunaompeleka zahanati. Wanaompokea pale wengi ni wakimbizi kama sisi, na watoto wao tunawafundisha. Mmoja wao akiugua kwa ajili ya kazi yake, dawati la mwanawe hubaki wazi. Ndiyo maana tunasema jambo hili ni letu sote.

Tuanze na nchi ambayo wengi wetu tumetoka. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo ambayo wakati huo iliitwa Zaire, ulizuka ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola. Wauguzi walikuwa wakipewa sindano tano kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa siku hiyo, na walizisuuza tu kwa maji kati ya mgonjwa na mgonjwa. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa. Hospitali ikafungwa, na wagonjwa wa malaria na akina mama wajawazito wa eneo lile wakabaki bila pa kwenda.

Mwaka 1995 ugonjwa uleule ulizuka Kikwit. Waliougua walikuwa 315, na 80 kati yao walikuwa wahudumu wa afya. Hesabu hiyo ni rahisi hata kwa mtoto wa darasa la nne: katika kila wagonjwa wanne, mmoja alikuwa mtu aliyekuwa akiwahudumia wenzake. Katika mwezi wa Mei vilifika vifaa vya kinga, na wahudumu wakafundishwa namna ya kuvitumia. Tangu hapo maambukizo kati yao yalikoma karibu kabisa, ingawa ugonjwa wenyewe haukuwa na dawa wala chanjo. Glovu, barakoa, aproni, mabuti ya mpira, maji na klorini ndivyo vilivyowaokoa.

Jirani zetu wa Uganda nao walipata funzo lao. Mwaka 2000 Ebola ilizuka Gulu, na Daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor aliongoza mapambano kwa ushujaa mkubwa. Usiku mmoja aliitwa kumsaidia muuguzi mwenzake aliyekuwa mahututi. Alivaa barakoa, kofia, joho na glovu, lakini hakuvaa kinga ya macho. Inaaminika kwamba hapo ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Kama daktari bingwa wa aina ile aliweza kuponyoka na kifaa kimoja tu, basi tusimlaumu kijana wetu wa kujitolea anayepewa glovu peke yake.

Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, wa mwaka 2018 hadi 2020, uliwapata watu 3,470 na kuua 2,287. Safari hii wahudumu walioambukizwa walikuwa 171, yaani kama mmoja katika kila wagonjwa ishirini. Chanjo ilisaidia, na vifaa pamoja na mafunzo vilisaidia. Tukilinganisha na Kikwit, tunaona kwamba kifo cha muuguzi si ajali isiyozuilika.

Kisha ulikuja ugonjwa wa Korona, ambao haukuchagua tajiri wala maskini. Mwezi Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba dunia ingehitaji kila mwezi barakoa za kitabibu milioni 89, glovu milioni 76 na miwani ya kinga milioni 1.6. Bei ya barakoa za kitabibu ilikwisha kupanda mara sita. Hata wauguzi wa nchi zenye viwanda walikosa vifaa. Shirika hilohilo lilikadiria kwamba tangu Januari 2020 hadi Mei 2021 wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walikufa kwa Korona duniani kote. Funzo ni kwamba vifaa visivyowekwa ghalani kabla ya janga, wakati wa janga hugombewa na wenye fedha, nasi tunabaki mwisho wa foleni.

Ndugu zetu, kuwa na vifaa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua kuvivaa, na zaidi sana kujua kuvivua. Upande wa nje wa glovu na joho ndio uliogusa ugonjwa. Sisi walimu tunalijua jambo hili kwa chaki: mwalimu akimaliza kuandika, akajishika uso kabla ya kunawa, wanafunzi humcheka kwa kuwa weupe umebaki shavuni. Vidudu vya ugonjwa hufanya vivyo hivyo, ila havionekani na hakuna wa kukucheka. Ndiyo maana mhudumu huvua polepole, kifaa kimoja baada ya kingine, akisafisha mikono kila hatua, na mwenzake akimwangalia. Glovu haichukui nafasi ya sabuni. Tena mavazi kamili ya Ebola yana joto kali, mtu hawezi kukaa nayo kutwa nzima. Kwa hiyo wanahitajika watu wa kupokezana, na kila anayeingia anahitaji vazi lake.

Tunajua pia kwamba mavazi hayo huwatisha watu. Mtoto akiona macho tu ndani ya plastiki hudhani ni zimwi, na wakubwa wengine wamewahi kufunga milango. Katika mlipuko wa Afrika Magharibi, huko Liberia, baadhi ya wahudumu walibandika picha zao kifuani ili mgonjwa aone uso wa binadamu anayemhudumia. Ni jambo dogo lisilo na gharama kubwa, na hata hapa linawezekana.

Baada ya hayo, tunatoa maombi matatu.

Kwanza, kwa mashirika. Vifaa vinapohesabiwa, wahesabiwe wote wanaogusa ugonjwa. Asihesabiwe daktari na muuguzi tu, bali pia mfagiaji wa wodi, mfua mashuka, mbeba machela, dereva, mchimba kaburi, na mhudumu wa kujitolea anayepita nyumba kwa nyumba. Posho yao ni ndogo, lakini damu yao ni sawa na ya wengine. Na saizi ziwe zao: buti linalomvuka mama mguuni halimkingi.

Pili, kwa Kamati yetu. Iombe kuonyeshwa kila miezi mitatu idadi ya vifaa vilivyomo ghalani, na tarehe ya mwisho ya matumizi yake. Hatusemi hivyo kwa kumshuku mtu. Mwenye nyumba huangalia paa lake kabla ya masika.

Tatu, kwetu sisi wakazi. Glovu za zahanati si za kuoshea vyombo wala za kuuzwa sokoni. Mwaka 2020 mafundi cherehani wetu walitushonea barakoa za kitambaa, na kwa kufanya hivyo waliacha zile za kitabibu ziwafikie wauguzi. Moyo ule tuurudishe. Na mhudumu akija mlangoni amevaa mavazi yake, tusimkimbie, tusimtukane. Amevaa ili akitoka kwako asiupeleke ugonjwa kwa jirani, wala asiuchukue kwa jirani akakuletea wewe.

Wazee walisema chanda chema huvikwa pete. Leo tunawapongeza wahudumu wetu, na pongezi ni pete nzuri. Lakini tunaomba kwamba kabla ya pete, chanda hicho kivikwe glovu.