Damu kwenye Mswaki Ni Ujumbe

(Mazungumzo ya mtaalamu wa afya ya kinywa na wanafunzi wa sekondari)



Nianze na swali. Nani kati yenu amewahi kutema povu la dawa ya meno akaona lina wekundu? Haya, msinyooshe mikono, najua mtaoneana haya. Jibu moyoni mwako tu. Halafu jiulize: ulifanya nini baada ya hapo? Wengi huamua kutogusa tena sehemu ile. "Mswaki unanichubua," wanasema, "ngoja papone kwanza." Basi hapapo ndipo mambo yanapoharibika.

Sikilizeni. Kila siku vijidudu hujishika kwenye meno na kufanya utando laini uitwao ukoga. Usipousugua, hujikusanya pale jino linapokutana na ufizi. Mwili haukubali. Mishipa midogo ya damu inapanuka, na chembe nyeupe za damu zinakimbilia pale kupigana. Ufizi unakuwa mwekundu, unavimba, na ukiguswa kidogo tu unatoka damu. Kwa hiyo mara nyingi kosa si la mswaki. Vita vilishaanza, mswaki umevifichua tu.

Uthibitisho upo? Upo. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, kule Aarhus, Denmark, walichapisha utafiti wa watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wakiwa wanafunzi wa udaktari wa meno. Waliombwa waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote 12 walikuwa wameshavimba fizi. Hakuna aliyenusurika! Walipoanza tena kusafisha meno, fizi zilirudi katika hali yake kwa muda wa wiki moja hivi.

Sasa, habari za vita hivyo hazibaki mdomoni. Chembe zinazopigana hutoa wajumbe wa kikemikali. Mmoja wao, intalukini-6, husafiri katika damu hadi kwenye ini, na ini hutengeneza protini iitwayo CRP. Protini hiyo iligunduliwa mwaka 1930 huko New York, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Watu wenye ugonjwa mkubwa wa fizi mara nyingi hukutwa na CRP nyingi kidogo kuliko wenye fizi nzima.

Lakini msikimbilie kupima damu! CRP hupanda pia kwa malaria, nimonia, hata kidonda. Ni kama kengele ya shule ikilia usiku wa manane: mnajua kuna jambo, ila hamjui ni bweni gani.

Mate yako karibu zaidi na tatizo. Ndani yake wataalamu hupima kimeng'enya kiitwacho MMP-8, ambacho hutoka hasa kwenye chembe nyeupe za damu. Kazi yake ni kukata nyuzi za kolajeni, na nyuzi hizo ndizo zinazoshikilia jino. Mnaona hatari ilipo? Vita vikiendelea muda mrefu, askari wetu wenyewe wanaanza kubomoa nyumba wanayoilinda. Uvimbe wa fizi peke yake hupona kabisa. Lakini mfupa unaoshika jino ukishaliwa, haurudi wenyewe kwa kupiga mswaki. Jino linalegea, mwisho linang'oka, bila hata kutoboka.

Na wenye kisukari wawe macho zaidi. Kisukari kisichodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Kama nyumbani kuna mzazi au bibi mwenye kisukari, mwambie achunguzwe fizi pia.

Tufanye nini basi?

Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi. Panapotoka damu usiparuke. Pasafishe taratibu, hasa pale jino na ufizi vinapokutana.

Usiazime mswaki wa mwenzako, hata kama ni rafiki wa kufa na kuzikana. Damu inaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B.

Achana na sigara. Tumbaku hubana mishipa ya damu, hivyo fizi za mvutaji zinaweza zisitoke damu huku ugonjwa unaendelea kimyakimya.

Na kama umesafisha vizuri kwa wiki mbili na damu bado inatoka, au jino linacheza, au kuna usaha, nenda kwa daktari wa meno. Atapima kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita kuona ufizi umeachana na jino kiasi gani. Ukoga ukishakauka kuwa ugaga, mswaki hauuwezi. Ni yeye wa kuukwangua. Pengine ataona sababu nyingine, maana si kila damu ya fizi inatokana na ukoga.

Vijana, vipimo vya maabara vina kazi yake. Ila kipimo cha kwanza unacho mkononi kila asubuhi, na hakina malipo. Kikikuonyesha wekundu, usikifiche kabatini.

Haya, sasa maswali. Na lile la kunuka mdomo msilionee aibu, ulizeni tu!