Jicho Lifanyikapo Tumboni



Katika sharika zetu huzaliwa watoto wenye kasoro ya macho, na kabla mtoto hajabatizwa maneno yamekwisha kuenea: mama yake alilaaniwa na wakwe, au ana dhambi aliyoificha. Hebu tulitazame jambo hili.

Karibu kila chembe ya mwili wetu hubeba maagizo ya urithi yaitwayo jeni, yapata 20,000. Chembe ya jicho na chembe ya ini zina maagizo yale yale. Mbona basi jicho halioti penye ini? Ni kwa sababu ziko jeni ambazo kazi yake ni kuziamrisha nyingine: wewe amka, wewe nyamaza. Zilizoamriwa nazo huamrisha nyingine, na nyingine hurudi kuituliza ile iliyoanza. Si kama mkubwa mmoja na matarishi wake. Ni kama kwaya ya sauti nne, ambamo kila sauti huingia kwa kuzisikia zile nyingine.

Mwaka 1995 Walter Gehring na wenzake, mjini Basel, Uswisi, waliichukua jeni ya panya iitwayo PAX6, mojawapo ya zile zinazoanzisha kazi ya jicho. Wakaiamsha katika nzi wadogo wa matunda, mahali pasipo pake. Macho yakaota miguuni na kwenye mabawa! Tena hayakuwa macho ya panya, bali ya nzi. Amri ilitoka kwa panya, lakini jeni zilizoitii zilikuwa za nzi, nazo zilijua kujenga jicho la nzi tu. (Kama ni halali kuvichezea viumbe hivyo, hilo ni swali jema, nalo lina siku yake.)

Jeni hiyo tunayo sisi pia, nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Jicho huanza kufanyika katika juma la nne la mimba, wakati akina mama wengi hawajajua hata kuwa ni waja wazito. Nakala moja ikiwa na hitilafu, amri hutoka kwa sauti hafifu, na mtoto aweza kuzaliwa bila ule mviringo wa rangi unaoizunguka mboni. Wengine hurithi hali hiyo kwa mzazi aliye nayo. Wengine wazazi wao wote wawili hawana. Ugomvi wa ukoo hauna njia ya kuifikia jeni hiyo.

Wanafunzi walipomwuliza Bwana Yesu habari za yule aliyezaliwa kipofu, kama dhambi ilikuwa yake au ya wazazi wake, alikataa yote mawili. Twaisoma sura hiyo, Yohana 9, kisha twatoka kanisani na kuuliza swali lile lile mlangoni.

Mtoto wa namna hii apelekwe kwa daktari wa macho mapema, maana shinikizo ndani ya jicho laweza kupanda miaka ya baadaye. Figo nazo zichunguzwe, kwa kuwa baadhi yao hupata uvimbe huko. Na aendapo shule apewe kofia yenye ukingo mpana. Mwanga humwumiza, na jua letu ni kali.