Maji kwanza, kijiko nyuma



Mukutano uliopita tuliomba kila mama alete kijiko na chupa anavyotumia kutengeneza serumu ya mutoto anayeharisha. Meza ikajaa. Mwenye kijiko cha chai, mwenye cha supu. Mwenye chupa ya nusu lita, mwenye ya lita na nusu. Na wote walisema neno moja: "bikarbonati, kijiko kimoja." Kila mumoja alijifunza kule alikokimbilia. Tulirudi na kijiko, maji tukayasahau njiani.

Ndugu, kijiko bila maji si kipimo. Kijiko kilekile ndani ya nusu lita, ukali wake ni mara tatu kuliko ndani ya lita na nusu.

Hiyo bikarbonati ilitoka wapi? Pakiti za zamani za OMS zilikuwa nayo: gramu 2.5 kwa lita 1, karibu nusu ya kijiko cha chai. Tangu 1984 OMS na UNICEF wanapendekeza sitrati pahali pake, kwani bikarbonati inaharibika upesi kwenye joto na unyevu. Basi pakiti ya leo musiiongeze kitu. Ile ya lita 1, muweke ndani ya lita 1, imeisha.

Na kama pakiti haiko? Maji lita 1, yaliyochemka na kupoa. Sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko, vyote visawazishwe kwa kisu. Chupa ya nusu lita: sukari 3, chumvi robo. Bikarbonati tuiachie maharagi. Nayo iko na sodiamu kama chumvi. Ikizidi, mutoto anazidi kukauka, hata degedege inaweza kumupata. Onjeni kwanza: chumvi isipite ya machozi. Ikipita, mwageni, muanze tena. Na ile soda ya sabuni ya mawese isikaribie kikombe kabisa, inaunguza koo.

Anywe kidogo kidogo, ziwa aendelee kunyonya. Saa 24 zikipita, mwageni. Akiharisha maji kama ya mchele, au damu, au akishindwa kunywa, kimbieni kituo cha afya. Kama angali anameza, mumunyweshe njiani. Kwetu njia ni ndefu.

Wafadhili, hatuombi bikarbonati. Tunaomba pakiti, na kwa kila nyumba kijiko kimoja cha chai na chupa moja ya lita 1, vyote vya namna moja.