Jicho Kabla ya Mtaji

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma)

Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe silifanyi. Mimi ni mwandishi wa habari. Sijapata kuuza hata kiberiti. Lakini kazi yangu imenipeleka mara nyingi masokoni, katika karakana na katika ofisi za halmashauri zetu, na kote huko nimekuta swali lile lile: mjasiriamali hulipata wapi wazo lake, na baada ya kulipata hulifanya nini hata likawa kazi ya kumlisha yeye na watu wengine? Naomba nilijibu kwa kadiri ya nilivyoona, na pale nitakapowagusa ninyi wenyewe, mnivumilie.

Nianze na majalada. Kama mnavyojua, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Katika halmashauri moja, ambayo sitaitaja, niliruhusiwa kusoma maombi ya vikundi. Kikundi cha kwanza: kufuga kuku wa mayai. Cha pili: kufuga kuku wa mayai. Cha tatu: kukodisha viti na maturubai. Cha nne: kuku. Ilipofika alasiri nilikuwa naweza kukisia jalada kabla sijalifungua. Hata maneno ya utangulizi yalikuwa yale yale, maana yalikuwa yamepigwa chapa na kijana mmoja mwenye kompyuta aliyeweka meza yake karibu na lango la halmashauri. Yule kijana, nasema kwa dhati, ndiye aliyekuwa na wazo la biashara kuliko waombaji wote.

Sisemi kwamba kufuga kuku ni vibaya. Nasema kwamba vikundi ishirini vikiuza mayai katika mji mmoja mdogo, bei ya mayai huanguka na bei ya chakula cha kuku hupanda, na mwisho wake ni madeni. Afisa aliyekuwa akinionyesha majalada yale alitikisa kichwa akaniambia, "Hawa watu wetu hawana mawazo." Sikukubaliana naye, nami nitaeleza kwa nini.

Nilipokuwa nikitoka nilikunywa uji kwa mama mmoja aliyeketi nje ya ukuta wa ofisi hiyo hiyo. Mama huyo alikuwa ameona kwamba wananchi wanaotoka vijijini hufika saa 12 asubuhi, kabla ofisi hazijafunguliwa, wakiwa na njaa na baridi, na hakuna mahali pa kula. Akawa anakuja na chupa zake za chai zilizojaa uji wa moto. Alijua siku za malipo na siku za baraza. Alijua kwamba wanaokuja na watoto hutaka uji usio na ndimu. Katika mazungumzo ikadhihirika kwamba naye ni mwanachama wa kimojawapo cha vikundi vile vya kuku. Nikamwuliza kwa nini hakuomba mkopo kwa ajili ya uji. Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Mwanangu, uji nao ni mradi?"

Ndugu zangu, mimi nadhani jibu lile lina uzito kuliko vitabu vingi. Mama yule wazo analo, nalo limekwisha kujaribiwa na kufaulu, lakini amefundishwa kuliona si kitu. Ni nani aliyemfundisha?

Neno lenyewe tunalolitumia lina lawama yake. Mjasiriamali: ujasiri na mali. Mtu akilisikia hudhani kwamba kinachotakiwa kwanza ni mali, na pili ni moyo wa kuithubutisha. Hivyo asiye na mali hukaa akingoja mkopo, na akiupata, hapo ndipo anapoanza kujiuliza aufanyie nini. Nayakumbuka masimulizi ya marehemu Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019, jinsi alivyoanza viwanda vyake katika miaka ya 1980 kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake Dar es Salaam, wakati ambapo kalamu ilikuwa adimu madukani. Yeye hakuwa mnyonge. Alikuwa mhasibu mwenye cheo kikubwa, na ni haki tuliseme hilo. Lakini watu wenye vyeo vikubwa waliokosa kalamu mwaka ule walikuwa wengi. Wengine walilalamika, wakaazima kwa jirani.

Sasa nichukue mfano wa mtu aliyekuwa mnyonge kweli. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya katani ya Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta riziki kama walivyofanya maelfu ya wengine, na kwa muda alikuwa mtumishi katika Hospitali ya Muhimbili. Hakusoma chuo chochote cha sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 palikuwa na picha kutoka Kongo zilizokuwa zikiuzwa mjini, na wanunuzi wake walikuwa wageni. Maelfu ya watu walizipita picha zile. Tingatinga alizitazama, akamtazama na mnunuzi.

Tuangalie alivyofanya, maana hapa pana mafunzo. Hakutafuta turubai la kuchorea wala rangi za wasanii, vitu ambavyo asingeweza kuvinunua. Alichukua hadibodi, zile mbao nyembamba ambazo watu hupigilia darini, akazikata vipande vya mraba vya sentimita 60 hivi kila upande. Akachukua rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka baiskeli, iliyokuwa ikipatikana katika duka lolote la vifaa. Akachora chui, tembo, ndege na miti, kwa mistari minene na rangi kali. Kisha akapeleka picha zake pale walipokuwa wanunuzi, karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni waliokuwa wakiishi mtaa ule walikwenda kununua mahitaji yao. Kipande kile kilikuwa kidogo kiasi cha kuingia katika sanduku la msafiri, na bei yake ilikuwa ndogo. Katika yote hayo hakuna kitu kimoja kilichokuwa kigeni Dar es Salaam. Hadibodi ilikuwapo, rangi ilikuwapo, mnunuzi alikuwapo, duka lilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuviona vyote hivyo kwa pamoja.

Wako watakaosema kwamba mchoraji si mfanyabiashara. Hiyo ndiyo kasumba yenyewe! Tingatinga alipoona wanunuzi wanazidi, aliwachukua vijana, wengi wao ndugu zake, akawafundisha. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu, na alikuwa amechora kwa miaka minne tu au karibu na hapo. Lakini kazi haikufa naye. Wanafunzi wake waliendelea, wakaongeza picha za vijiji, za masoko, za hospitali. Wakaunda umoja wao, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Leo jina la mtu mmoja wa Tunduru ni jina la namna nzima ya uchoraji. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kuonyeshwa katika televisheni filamu za katuni zilizochorwa kwa mtindo huo. Filamu hizo zilitengenezwa Nairobi. Sina wivu na ndugu zetu wa Kenya, lakini nauliza, je, sisi tulikuwa wapi?

Na kwa kuwa nimeitaja Kenya, niseme kidogo juu ya M-Pesa, ambayo kila mmoja wenu anayo mfukoni, au anayo ndugu yake. Wengi hudhani kwamba ilibuniwa kama tunavyoijua. La hasha. Ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa kumwezesha mkopaji mdogo kulipa marejesho yake kwa simu. Wale waliopewa waijaribu waliitumia kwa mambo yao mengine: mtu alimtumia mwenzake fedha, au aliwapelekea jamaa zake. Kabla ya hapo watu walikuwa wamekwisha kuzoea kutumiana muda wa maongezi kana kwamba ni fedha. Waliokuwa wakiendesha jaribio wangeweza kusema kwamba wananchi wanakosea, kwamba hawafuati maelekezo. Badala yake walifuata nyayo za wananchi, na mwezi wa Machi mwaka 2007 huduma ilipozinduliwa ilitangazwa kuwa ni njia ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania.

Huko ndiko kuliendeleza wazo, nami nadhani ndiko kugumu kuliko kulipata. Tazameni uwanja wa ofisi yoyote ya serikali: pana njia ya saruji iliyopinda vizuri, pana kibao kilichoandikwa "Usikanyage Majani", na katikati ya majani pana kijia kilichochimbika kwa miguu ya watu. Mwenye jicho la biashara hujiuliza watu hawa wanakwenda wapi. Sisi wenzake, mara nyingi, huagiza kibao cha pili.

Hapa naomba nijikosoe pamoja na wenzangu, maana mimi ni mwana-Chama. Katika miaka ya 1970 wakazi wa Dar es Salaam waliteseka kwa usafiri. Shirika la UDA, lililoanzishwa mwaka 1974, halikuwa na mabasi ya kutosha. Wenye magari madogo wakaanza kubeba abiria kwa siri, wakaitwa thumni thumni kwa sababu ya nauli yao, wakawa wanakimbizwa na polisi. Mwaka 1983 Serikali iliwaruhusu watu binafsi kubeba abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi tano, dala, na ndipo tulipopata jina daladala. Mwaka huo huo wa 1983 tulikuwa na vita dhidi ya wahujumu uchumi, na sheria ya nguvu kazi iliyowakumba pia wachuuzi wadogo wa mitaani. Hofu yetu juu ya mfanyabiashara haikuzuka hewani. Tulikuwa tumeuona unyonyaji kwa macho yetu, na walanguzi walikuwapo kweli. Lakini tuliuweka mzigo wa mlanguzi mkubwa juu ya kichwa cha mwuza karanga. Muda wote ule uliopita kabla ya ruhusa kutolewa, abiria alikuwa akisimama kituoni, na dawa ya shida yake ilikuwa ikipita mbele yake ikikimbia polisi.

Sasa nije kwenu, Ndugu Walimu. Nilipokuwa shule ya msingi, kijana mmoja wa darasa letu aliokota betri za redio zilizotupwa, akazianika juani, akazipanga ndani ya kipande cha bomba la plastiki, akafunga balbu ya tochi. Umeme kijijini hapakuwa. Usiku alisomea taa ile, na kwa waliotaka kuiazima alitoza shilingi 50. Mwalimu alipopata habari aliikamata taa, akamchapa mwenzetu mbele ya mstarini kwa kosa la kufanya biashara shuleni. Sote tulicheka, mimi nikiwamo. Simlaumu sana mwalimu yule, kwani alikuwa na watoto wengi mno katika chumba kimoja na hakuwa na nafasi ya kutafakari. Lakini hakuna aliyemwuliza yule kijana betri chakavu inawakaje tena, wala ni wangapi walioiazima taa, wala angefanya nini kama angekuwa na taa tano.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi. Sisi tulichukua jembe tukaiacha akili. Tulianzisha mashamba ya shule na mabanda ya kuku, mambo mema, lakini mradi ulichaguliwa na mwalimu, hesabu ziliwekwa na mwalimu, na mtoto alikuwa kibarua. Hakupata kuulizwa ni kitu gani kijijini kinakosekana. Hivi sasa tunao mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, wenye mkondo wa amali. Nauunga mkono. Nahofia tu tusije tukafundisha ujasiriamali kwa kuandika ubaoni maana yake na sifa zake saba, mtoto akakariri, akafaulu, kisha akaenda kuandika ombi la kuku.

Mwalimu anaweza kuwatuma watoto kituo cha basi kwa saa moja, wakarudi wameandika watu wanangoja nini, wanabeba nini kwa taabu, na wamejitengenezea ufumbuzi gani. Zoezi hilo halihitaji kitabu wala fungu la fedha. Na afisa anayepokea fomu ya mkopo anaweza kuuliza, kabla ya kuuliza mradi, "Sasa hivi unafanya nini, na nani anakuja kununua kwako bila kuitwa?" Akijibiwa "uji", aandike uji, kisha wakae wote wawili wahesabu: vikombe vingapi kwa siku, sukari kiasi gani, siku zipi uji hubaki, na kama meza na kivuli vingeongeza wanywaji au vingeongeza ushuru tu. Mkopo wa chupa sita za chai ni mdogo kiasi cha kuonekana dhihaka katika taarifa ya robo mwaka. Najua. Taarifa zetu hupenda banda la kuku, kwa sababu linapigwa picha vizuri.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema mengi na muda niliopewa umekwisha. Niko tayari kwa maswali, nami ningependa tuanze na yule ndugu afisa biashara aliyeketi nyuma, aliyetikisa kichwa nilipotaja daladala.